Programu Huria kwa Vikundi na Asasi: Kumbukumbu Zenu Zibaki Mikononi Mwenu

Na Afisa Mawasiliano wa Halmashauri

Asubuhi moja ya msimu wa masika, akina mama wawili wa kikundi kinachohudumia watoto yatima na wazee wasio na ndugu waliingia ofisini kwetu wakiwa na kompyuta mpakato iliyofungwa kwenye khanga ili isilowane. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na orodha ya watoto wote wa kikundi: majina yao, walezi wao, shule wanazosoma, vipimo vya sare na viatu, na kwa baadhi yao kumbukumbu za kliniki. Taarifa ya robo mwaka ilitakiwa keshokutwa yake, na programu waliyozoea kuandikia ilikuwa imejifunga. Orodha ilionekana kwenye kioo, lakini haikukubali kuongezwa jina wala kusahihishwa. Kila walipoigusa, tangazo liliwaambia kwamba leseni si halali.

Hawakuwa wamekusudia kukiuka sheria. Walimlipa fundi shilingi elfu ishirini awawekee programu ya kuandikia, naye akawawekea nakala iliyovunjwa kufuli, kama wafanyavyo wengi. Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mwenzangu wa Kitengo cha TEHAMA hakuhangaika na kufuli lile. Alisakinisha programu nyingine iitwayo LibreOffice, akafungua faili lilelile, na orodha ikatokea nzima, isipokuwa safu mbili zilizokuwa zimesogea kidogo. Kabla ya adhuhuri taarifa ilikuwa imekwisha kuchapishwa.

Katibu wa kikundi aliitazama kompyuta kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na hii itaanza kutudai lini?"

"Hii haidai, mama."

"Basi mwenyewe ni nani?"

Swali hilo la pili ndilo lililonituma kuandika makala haya. Mtu aliyekwisha kuumizwa mara tatu na kitu cha bei rahisi ana haki ya kukitilia shaka kitu kisicho na bei kabisa. Wala hayuko peke yake: kata zetu zina vikundi vya kulea wagonjwa, kamati za maji, vyama vya watu wenye ulemavu, vilabu vya michezo na asasi za mazingira, vingi vikiwa na kompyuta moja tu, iliyotolewa na mfadhili au kununuliwa ikiwa imetumika.

Mwenyewe ni nani

Kila programu ya kompyuta huandikwa na watu, mstari kwa mstari, kwa lugha maalumu. Maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Chukua mfano wa mshonaji. Ukinunua shati dukani, unapata shati, lakini karatasi aliyokatia mshonaji inabaki kwake. Shati likikubana kwapani, huna njia ila kumrudia yeye. Programu nyingi za kulipia ndivyo zilivyo. Na siku hizi mara nyingi hununui hata shati lenyewe, bali ruhusa ya kulivaa kwa mwaka mmoja. Programu huria hutolewa pamoja na karatasi yake ya kukatia. Leseni yake humpa kila mtu haki nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza namna inavyofanya kazi, kuirekebisha, na kuwagawia wengine, iwe kama ilivyo au baada ya kurekebishwa.

Ni vema kutofautisha huria na bure. Zipo programu za bure ambazo si huria: unazitumia bila malipo leo, kesho mwenyewe anabadili masharti, nawe huna pa kwenda. Programu huria haiwezi kunyang'anywa kwa namna hiyo, kwa kuwa nakala uliyonayo, pamoja na ruhusa yake, ni yako.

Fikra hii si mpya. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kuandika upya programu zote za msingi za kompyuta zikiwa huria. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo endeshi ulioitwa Linux. Hiyo LibreOffice yenyewe ina historia yenye funzo. Ilianza nchini Ujerumani ikiwa programu ya kawaida ya kibiashara iliyoitwa StarOffice. Kampuni ya Marekani, Sun Microsystems, iliinunua mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikaufungua msimbo wake kwa watu wote kwa jina la OpenOffice.org. Mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na kampuni ya Oracle. Wachangiaji wengi walihofia mustakabali wa kazi yao. Mwezi Septemba mwaka huohuo wakaunda taasisi yao, The Document Foundation, wakaichukua kazi ileile na kuiendeleza kwa jina jipya. Mwenye kampuni alibadilika, jina likabadilika, lakini hakuna mtumiaji aliyefungiwa faili lake nje ya mlango.

Taasisi hiyo imesajiliwa Berlin na haigawani faida. Kwa hiyo nilipomjibu yule mama kwamba mwenyewe ni asasi kama ya kwao, nilikuwa nasema kweli. Kazi hufanywa na watu wanaojitolea, na kampuni zinazoajiri waandishi wa programu ili kuuza mafunzo na huduma kwa ofisi kubwa. Wengine huchanga fedha kwa hiari.

Sisi nasi tumo katika historia hiyo. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, OpenOffice ilitafsiriwa kwa Kiswahili na kutolewa kwa jina la Jambo OpenOffice. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu hakuna aliyehitaji kuomba kibali cha kampuni yoyote; msimbo ulikuwa wazi. Hadi leo LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Ukichagua lugha ya Kiswahili cha Tanzania katika mipangilio, muhtasari wa kikao chenu hautapigiwa mistari myekundu kila neno kana kwamba umeandikwa ovyo.

Gharama ya kitu rahisi

Turudi kwa yule fundi wa elfu ishirini. Nakala iliyovunjwa kufuli huonekana nafuu, lakini ina gharama tatu ambazo hazisemwi siku ya kulipa.

Ya kwanza ni sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu na nyimbo. Kikundi kinachoomba fedha za umma au za mfadhili hakipaswi kuandika maombi yake kwa chombo cha wizi, na mkaguzi akiuliza stakabadhi ya leseni, kimya hakitatosha.

Ya pili ni virusi. Wanaotengeneza vifaa vya kuvunja kufuli hawafanyi hivyo kwa upendo. Kwa kawaida maelekezo yao huanza kwa kukutaka uzime kwanza kinga ya virusi ya kompyuta. Fikiria mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia ndani: huenda ana sababu njema, lakini si busara kumkabidhi na ufunguo.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni siri za watu. Orodha ya watoto yatima, wagonjwa mnaowapelekea dawa nyumbani au watu wenye ulemavu si karatasi ya kawaida. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde. Katika LibreOffice, wakati wa kuhifadhi faili, kuna kisanduku cha kuweka nenosiri. Ukilitumia, faili husimbwa kwa namna ambayo asiye na neno hilo hawezi kulisoma. Lakini mjue pia kwamba neno likisahaulika hakuna fundi wala ofisi itakayolifungua. Tunashauri viongozi wawili walijue, nalo lisiandikwe kwenye kibandiko juu ya kompyuta, kama nilivyowahi kuona mahali fulani.

Liko na suala la umri wa kumbukumbu. LibreOffice huhifadhi kazi katika muundo uitwao ODF, ambao mwaka 2006 ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO. Maelezo yake yako wazi, na programu yoyote inaweza kuandikwa ili iusome. Mtoto aliyeingia kwenye orodha akiwa darasa la kwanza atahitaji kuthibitisha historia yake akiwa kidato cha nne au zaidi. Kumbukumbu ya miaka 10 haifai kutegemea kama mwaka huo kikundi kilipata au hakikupata fedha za kulipia leseni.

Kazi kwa kazi

LibreOffice peke yake inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi za kikundi. Ndani yake mna Writer ya barua na mihutasari, Calc ya majedwali ya hesabu, na Impress ya mawasilisho. Hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, na ina kitufe cha kutoa waraka katika PDF.

Hapo kwenye Calc nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo waweka hazina wengi wanapokwama, na mara nyingi programu haina kosa. Mhasibu huandika "50,000/=" au "Tsh 50,000" ndani ya kisanduku kimoja, kama tulivyozoea kwenye daftari. Kompyuta ikiona alama hizo huchukulia kwamba ni maneno, si namba, na maneno hayajumlishiki. Mwisho wa safu jumla inatoka sifuri, mweka hazina anashtuka, wajumbe wanaanza kutazamana. Andikeni namba tupu, 50000, kisha mwiteni fundi au sisi tuwaonyeshe namna ya kuifanya safu nzima ionyeshe shilingi. Tarehe nazo ziandikwe kwa namna moja, siku, mwezi na mwaka, wala si "3.5" kwenye mstari mmoja na "tatu Mei" kwenye unaofuata. Kila stakabadhi iwe na mstari wake: tarehe, namba ya stakabadhi, maelezo, iliyoingia, iliyotoka. Msiunganishe visanduku ili jedwali lipendeze. Likipendeza hivyo halipangiki tena. Kanuni ya kujumlisha, SUM, huandikwa katika Calc kama ilivyoandikwa katika Excel, kwa hiyo aliyejifunza huko hapotezi alichojifunza.

Asasi yenye miradi kadhaa na wafadhili zaidi ya mmoja inaweza kutazama GnuCash, programu huria ya uhasibu inayofuata utaratibu wa kuingiza kila muamala pande mbili. Ni nzuri, lakini inamtaka mtu anayeujua uhasibu. Kwa kikundi chenye stakabadhi chache kwa mwezi, kwa maoni yangu, Calc iliyotunzwa vizuri inafaa kuliko GnuCash iliyoachwa nusu.

Nyingine nitazitaja kwa haraka. Firefox ni kivinjari cha intaneti na Thunderbird ni ya barua pepe. VLC, iliyoanza kama kazi ya wanafunzi nchini Ufaransa, hucheza karibu kila aina ya video na sauti, na inafaa kwa mafunzo ya afya. GIMP hurekebisha picha, Inkscape huchora nembo na mabango, na Scribus hupanga kurasa za vijarida. KeePassXC hutunza manenosiri.

Kamati za maji na za mazingira nazielekeza kwa QGIS, programu huria ya ramani. Kwa kutumia simu yenye GPS mnaweza kuchukua mahali pa kila kisima na kila bomba, kisha kuviweka juu ya ramani ya kata. Hata ramani ya chini ipo: OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kawaida duniani kote na kutumiwa na yeyote. Katika mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam walichora mitaa yao wenyewe, nyumba, mitaro na maeneo yanayofurika, katika kata ambazo hazikuwa na ramani ya kina. Kisima kilichoharibika kikiwa kwenye ramani, barua ya kuomba kitengenezwe huwa na uzito mwingine.

Kompyuta iliyozeeka

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta haikuzimika siku hiyo. Inawaka kama jana. Lakini nyufa mpya zinazogunduliwa hazizibwi tena kama ilivyokuwa, na kompyuta nyingi zilizotumika haziwezi kupokea Windows 11, kwa kuwa inadai vifaa ambavyo hazina.

Kabla ya kuitupa au kuiuza kwa bei ya chuma chakavu, ipo njia ya kuibadilishia mfumo endeshi. Linux Mint ni mojawapo ya mifumo huria inayofanana sana, kwa macho, na ile tuliyoizoea. Huhitaji kumbukumbu ya GB 2 kwa uchache, ingawa GB 4 ndizo zinazoleta raha, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Umejengwa juu ya Ubuntu, mfumo ulioasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo kwa lugha za kule ndilo neno letu la utu. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuujaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta: unawasha, unatazama kama sauti, printa na mtandao vinafanya kazi, kisha unazima na kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa. Ukiridhika ndipo unasakinisha. Hapo pana hatari moja, na ninaomba isomwe mara mbili: ukichagua kusakinisha juu ya diski nzima, vilivyomo vyote vitafutika. Nakilini kwanza mafaili yenu mahali pawili tofauti.

Mahali pa kukwama

Nisingependa mtu aondoke na makala haya akidhani kwamba hakuna tabu. Waraka wa Word uliopangwa kwa madoido mengi unaweza kubadilika sura ukifunguliwa kwenye LibreOffice, na kinyume chake. Sababu mojawapo ni aina ya herufi. LibreOffice huja na herufi za Carlito zenye upana sawa na Calibri, hivyo mistari mingi hubaki mahali pake. Herufi nyingine zisipokuwepo, mistari husogea. Dawa ni kupeleka barua iliyokamilika katika PDF, na kutumia muundo wa Word pale tu mwenzako anapotakiwa kuiandika upya. Fomu za Excel zenye amri za kujiendesha zenyewe, ambazo baadhi ya wafadhili huzituma, huenda zisifanye kazi kabisa. Baadhi ya printa na skana hazina viendeshi vya Linux. Na mafundi wa mitaani wengi hawajazizoea programu hizi. Wengine watawaambia hazifai, kwa kuwa kazi ya kuvunja kufuli kila baada ya miezi michache ndiyo mkate wao.

Ni haki pia kusema kwamba zipo kampuni za programu za kulipia zinazotoa punguzo kubwa kwa asasi zilizosajiliwa. Mwenye sifa na aombe. Lakini vikundi vidogo vya kata mara nyingi hukwama kwenye uthibitisho unaotakiwa, na punguzo la leo si ahadi ya kesho. Kuhusu mifumo ya Serikali, mingi hufunguliwa kwa kivinjari, na kwa hiyo haiulizi kompyuta yako inatumia mfumo gani.

Namna ya kuanza

Msihame nyumba nzima kwa siku moja. Wekeni LibreOffice kwenye kompyuta mliyonayo, kwenye Windows hiyohiyo, na andikieni muhtasari wa kikao kimoja. Mwezi unaofuata ongezeni daftari la michango. Suala la kubadili mfumo endeshi liacheni hadi mtakapokuwa mmezoea.

Programu ipakuliwe kutoka tovuti yake rasmi, libreoffice.org, si kutoka flashi ya rafiki. Faili lake lina zaidi ya MB 300, kwa hiyo jiandaeni na bando. Tovuti itawaomba mchango. Ni wa hiari, na asiyechanga hanyimwi. Fundi ana haki ya kudai ujira wa muda wake, lakini anayewatoza bei ya leseni ya programu hii anawatoza kitu ambacho si chake.

Wasio na bando wanaweza kufika Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri, siku za kazi, wakiwa na flashi tupu ya GB 8 au zaidi, nao watanakiliwa LibreOffice au Linux Mint bila malipo. Barua ya utambulisho itoke kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu. Tunaomba kila kikundi kilete watu wawili, si mmoja. Yule mama katibu alirudi baada ya wiki tatu na binti wa mweka hazina, akasema yeye macho yameanza kuchoka na anataka huyu ajue kila kitu, pamoja na nenosiri.